Kamera ya Dubai

Noah ya abiria ya kutoka Nkololo kwenda Bariadi haikuwa imefika mbali, lakini Winnie alishajua kwamba kijana wa kiti cha mbele yake anaitwa Masalu, ni mpiga picha za harusi, na ameagiza kamera Dubai kwa nusu ya bei. Hakuwa ameuliza. Masalu alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, mnunuzi wa ng'ombe, kwa sauti ya kutosha gari zima.

"Mnadani," mama alisema, "hata ng'ombe awe nusu ya bei, sitoi hela mpaka atembezwe nimwone."

"Kamera haitembei, mayu," Masalu alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sasa utajuaje kama inachechemea?"

Winnie alificha kicheko nyuma ya mfuko aliopakata.

"Ina waranti," Masalu alisema, kisha akapunguza sauti. "Ila ya huko huko. Ikisumbua nairudisha Dubai, wiki sita hivi."

"Na bibi harusi akusubiri na shela kichwani?"

Masalu alitazama mashamba ya pamba yakipita. "Bei ya hapa siiwezi, mayu, mwaka huu wala ujao. Na hii ya zamani inawatia watu ukungu usoni. Wewe ungefanyaje?"

Mama akauliza, "Inafika lini?"

"Ijumaa. Kesho yake naijaribia Kasoli, kwenye harusi ya Mwalimu Paschal."

Gari lilisimama Bariadi, watu wakashuka. Winnie, mchumba wa Mwalimu Paschal, alibaki kitini, ameukumbatia mfuko wenye shela lake.