Darasa Limegawanywa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu waliketi mwalimu wa darasa la kwanza na fundi cherehani, watu wasiojuana. Sauti ya mwalimu ilikuwa imekauka, fundi akampa pole ya mafua.

“Si mafua, dada. Ni kupigia kelele watoto mia na ishirini. Lakini serikali imetuletea walimu wapya, darasa limegawanywa, sasa nina arobaini.” Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. “Kuna binti alikuwa kimya tu kule nyuma. Juzi nikapata nafasi ya kukaa naye. Kumbe sikio moja halisikii! Nikamleta mbele. Jana kasoma ukurasa mzima, machozi yakanitoka.”

“Hongera. Ila hao wageni watakaa? Wa kwetu waliomba uhamisho hata kabla hawajazoea njia.”

“Hawa watakaa.”

“Haya, tutaona.”

Walibishana hivyo, mmoja akicheka, mwingine akitikisa kichwa, mpaka treni ikasimama. Fundi akabeba mfuko wake wa vitambaa, akafika mlangoni, akageuka.

“Mwalimu, samahani. Shule yenu bado inapokea watoto?”