Kioo Chenye Mikwaruzo

Sogeeni, wanangu, wewe kifungua mimba kaa kulia kwangu na wewe kitinda mimba kushoto, na msinifanye ukuta wa kuwatenganisha, maana pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na nataka niitumie kushukuru.

Duka la miwani ni lako, binti yangu, kwa kuwa mikono yako imeshazoea mashine ya kukatia lenzi. Nyumba ni yenu wote wawili. Lakini ile darubini ya juu ya paa haigawanywi wala haiuzwi, na ndiyo iliyonifanya niwaite pamoja.

Kioo chake tulikisaga mimi na marehemu baba yenu katika chumba hikihiki, kabla hatujawapata ninyi: vioo viwili vya duara juu ya pipa, kimoja juu ya kingine, katikati mchanga mkali, yeye anasukuma huku akilizunguka pipa, mimi namwaga maji, mpaka majirani wakauliza tunasaga nini ambacho unga wake hauonekani. Baba yenu akawaambia tunasaga mwanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nadhani ndipo nilipompenda kabisa, ingawa tulikuwa tumeshaoana.

Kwa kioo hicho tuliiona galaksi jirani yetu, doa dogo tu la ukungu, na mwanga wake ulianza safari kabla binadamu kama sisi hajakuwepo, ukapita kote huko bila kugonga kitu, ukaja kuishia kwenye jicho langu mimi, fundi miwani. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Sasa wewe, baba, kitinda mimba wangu, inua uso. Nilipolazwa hospitali ulipanda juu ukakuta kioo kina vumbi, ukakisugua kwa kitambaa na sabuni ya unga ili nikirudi nikikute kinameta. Ulifanya nilichokufundisha dukani, maana sisi kioo chochote kikipita mbele yetu lazima tukifute, hata cha saa ya mgeni, na sikuwahi kukwambia kuwa cha darubini huachwa na vumbi lake, kwa sababu utando wake wa juu, ule unaorudisha mwanga, unakwaruzika upesi. Dada yako akakuita mharibifu, wewe ukaapa hutakanyaga paa tena, na tangu hapo mnapishana sebuleni kama wapangaji. Mngeniuliza. Nilitazama baada ya hapo, na galaksi ipo palepale, imefifia kidogo tu, na mimi kwa umri huu nimefifia zaidi yake.

Mnaikumbuka ile darubini kubwa iliyorushwa angani, ambayo kioo chake ni vipande vingi? Walipoielekeza kwenye nyota moja kwa mara ya kwanza, kila kipande kikaonyesha ya kwake, nyota moja ikaonekana nyingi, nao wakavisogeza taratibu, hiki kidogo na kile kidogo, mpaka zikawa moja. Ndiyo hiyo iliyotuletea galaksi za zamani kabisa, zinazong'aa kuliko wataalamu walivyotarajia. Nilifurahi mno kwamba habari hiyo imenikuta hai.

Nipeni maji... Asante, mama. Asante.

Jua linazama. Darubini ile haibebwi na mtu mmoja, mnajua. Nendeni mkaitoe kwenye kibanda chake huko paani, mmoja ashike kichwa, mwingine mkia, na mlango huu muuache wazi nisikie. Msikipeleke kioo kwa fundi kabla hamjatazama pamoja. Na Mungu awape macho yasiyochoka, awape kuonana ninyi kwa ninyi kabla ya nyota, awalipe kwa furaha yote mliyonipa. Haya, nendeni.

Nawasikia... hapo kwenye kona, inamisheni kwanza. Taratibu.

Nani huyo amecheka?... Wote wawili.

Basi. Imetosha.