Siku ya Kukabidhi Violonsele ya Deborah

Muheshimiwa Bourgmestre wa Katuba, Padri Sylvain wa parokia yetu, dada yangu Marie-Thérèse, ndugu bapiga muziki ba okestra, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi muliofuata harufu ya kuku mukafikiri siwaoni: jambo kwenu bote.

Mimi Clovis ni muntu wa bahati kupita bote humu ndani. Nimeendesha kamyo mpaka Durban, nimelala Mitwaba wakati wa mvua na hata mbu mumoja hakuniuma. Na mwaka muzima nimeishi na violonsele, ile fidla kubwa ya marehemu Deborah, mutoto wa dada yangu, ndani ya salon yangu kule Makomeno. Ile munayoiogopa! Ninalala kama jiwe, na masikio haya hayajasikia kitu.

Munakumbuka tulipomaliza matanga, tukagawanya bintu byake kama desturi? Bikwembe bilipata benyewe, hata sufuria yenye kutoboka ilipiganiwa. Violonsele, nani aliigusa? Yaya Wivine, dada yetu mukubwa, alirudi nyuma: "Ile inalilaka yenyewe! Iko na muntu ndani!" Nikamujibu, "Yaya, kama iko muntu ndani, atanisaidia kupika bukari." Mukacheka, nikaibeba.

Ni mimi vilevile niliyeileta kutoka Afrika Kusini. Pale mupakani Kasumbalesa askari mumoja alizunguka sanduku lake jeusi, refu kama muntu, akavua kofia: "Pole na musiba, chef. Iko nani?" Nilicheka mpaka nyumbani. Leo ninajiuliza: yule askari aliona nini?

Deborah alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alipiga muziki wa Bazungu ba zamani mpaka batoto ba Katuba bakaacha mupira bakaja kukaa mulangoni. Mimi niliacha shule mapema, muziki ule ukipigwa na bengine ulinipa usingizi. Kwake ulinipa machozi, usingizi ukaja nyuma. Halafu mvua, homa, na kabla juma halijaisha tulikuwa tunachimba kaburi.

Na nani amesahau kazi yake ndani ya okestra? Kabla ya wimbo alivuta noti moja ya muziki, ile yenye kuitwa 'la', akangoja bengine bamujibu mpaka sauti zote zikuwe moja. Padri akohoe, wageni baangalie saa, yeye anangoja. "Tonton," aliniambia mimi mujomba wake, "kama mumoja hajanijibu, siwezi kuanza. Na siwezi kwenda."

Tangu tulipomuzika okestra imenyamaza. Na dada yangu amesema wazi: kama leo hakuna mwenye kuichukua, kesho violonsele inafunikwa udongo pembeni ya Deborah. Abigaïl, mutoto wangu, ni wewe tu Deborah alikufundisha. Hakuna mwingine mwenye kuijua. Asubuhi uliniuliza, "Tonton, niapie. Kweli haujaisikia?" Nikaapa, tena nikicheka.

Simama basi, Abigaïl mama, uipokee.

Hausimami?

Muheshimiwa, Padri, ndugu wageni, nimewachosha, nanyi mumenivumilia kama bantu ba familia, Mungu awarudishie. Nilitaka kumaliza hapa. Lakini Abigaïl, yule mutoto, ananiangalia.

Abigaïl, umeme ukikatika kule kwangu, frigo ikinyamaza, redio ya jirani ikinyamaza, ile kitu inatoa noti yake, ile 'la'. Moja tu. Halafu inangoja. Nimeijibu kwa muluzi, nimeijibu kwa kupuliza chupa, nimeimba na sauti yangu hii ya kamyo. Haikubali, inatoa tena. Mimi sijui kumujibu. Wewe unajua; mujibu, aweze kwenda.

Ile yote ya bahati na ya kulala kama jiwe ilikuwa uongo. Nimeisikia mwaka muzima, na ninaogopa.