Themanini na Tano kwa Mia

Aliyekutana na marehemu kwa mara ya kwanza aliuona kwanza mkono wake wa kushoto. Wa kulia ulisalimia, ulishika kikombe, ulikuna kichwa. Wa kushoto ulitulia juu ya paja, vidole vimekunjwa kidogo, kama umeshika kitu kisichohitaji kusukumwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Shule ya msingi ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, na bado alichelewa. Alimaliza sekondari mwaka 1970, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi la anga.

Alirusha ndege za kivita kwa miaka kumi na tisa, kisha akafundisha kwa kumi na mmoja. Somo lake lilikuwa nguvu za injini katika mwendo wa safari. Kusukuma mpaka mwisho wenzo wa injini, ule wa mkono wa kushoto, alisema, kila mtu anaweza. Kazi ni kuuweka mahali pake na kuuacha. Kiongozi wa ndege mbili zinazoruka pamoja alitakiwa kubaki kwenye themanini na tano kwa mia ya nguvu, ili rubani wa pembeni, anayepunguza na kuongeza kila mara asiachwe, naye abaki na cha kuongeza. "Mafuta tunayohesabu ni ya aliye nyuma," aliwaambia. Wanafunzi wakambatiza Themanini na Tano.

Tarehe 8 Agosti 1981 alimwoa muuguzi wa zahanati ya kambi. Hata kwenye gari hakubadilika.

"Baba watoto, mwenye baiskeli ya mikate katupita!"

"Mwache. Ana haraka, mikate inapoa."

Walijaliwa watoto watatu. Kitinda mimba, binti, naye akawa rubani. Februari mwaka huu alifanya mtihani wa kuongoza ndege mbili, akafeli: alikwenda mbio mno, mwenzake akatua na mafuta chini ya kiwango. Alimkuta baba yake kitandani, kansa ya ini ikiwa imegunduliwa mwezi mmoja kabla.

"Nilitaka waone naweza, baba."

"Wameona. Na mwenzako aliona nini? Mkia ukipotea. Rudia, mama. Nami nitajitahidi kusubiri."

Mtihani wa pili ulipangwa tarehe 12 Juni. Kila alasiri mama mtu alisoma tarakimu za mafuta kutoka kwenye daftari, binti akajibu, mgonjwa akasahihisha akiwa amefumba macho. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Binti alitaka kuahirisha.

"Tunamzika baba yako," mama yake alimjibu. "Mtihani hatuuziki."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na marubani aliowafundisha, wengine wakiwa sasa na mvi.

Mtihani ni Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Mzee wetu apumzike salama. Nyumbani kwake hapumziki mtu mpaka simu ya matokeo ilie.