Sauti ya Mnyapara

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, salaam. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi, na nyote mnajua kuwa kumpa mtu wa kazi yangu maiki ukamwomba ufupi ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Lakini nitajitahidi.

Chama chetu hiki ni cha kufa na kuzikana. Leo tumepokea wenzetu wapya, na nimeombwa niwaeleze ilikuwaje mimi, niliyewahi kufukuza watu msibani kwangu mwenyewe, leo ndiye ninayetandika mikeka kwenye misiba ya wengine. Majina ya watu sitayataja. Wenyewe wamo humu ndani, na mmoja ameshaanza kucheka.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Picha inapita, wenye picha yao wanaongea lugha yao, nami na maiki yangu nawasemea wote Kiswahili: bibi harusi, polisi, mtoto, hata mbwa akibweka nampa maneno. Pale kwenye banda la video la Mtendeni nilifanya filamu nyingi, lakini iliyonipa jina ni ile ya angani. Kulikuwa na mtawala katili aliyetaka nyota zote zimpigie magoti, nikamwita Mtemi Zuhali. Msaidizi wake mkuu, mtu asiyempinga kwa lolote, nikamwita Mnyapara. Vyombo vyao vya angani nikaviita misafara, askari nikawaita wapagazi. Watu wa Tabora tungewaita nini kingine? Babu zetu wamebeba mizigo kwenye njia ile hadi pwani, nikaona na huko juu watu wanabebeshwa vilevile.

Mnyapara nilimtolea sauti ya chini kabisa, inayotoka tumboni na kukwaruza koo. Mtemi akisema choma mji ule, Mnyapara anasimama wima, anajibu, "Imefika, Mtemi." Banda zima linajibu naye, "Imefika!" Mnakumbuka alivyoishia? Mtemi alikimbia akamwacha analinda geti la ngome tupu. Baridi ikampiga, barafu ikamfunika, na geti lenyewe liko nyuma yake. Hakulifungua akajisitiri, kwa sababu hakuna aliyemwamuru.

Watu walilia siku ile. Mimi nilimwona mwanamume wa kweli, na hapo ndipo lilipoanzia balaa.

Marehemu mke wangu hakuipenda sauti ile. Nikirudi jioni nikibisha hodi, anauliza kutoka ndani, "Nani?" Nikijibu kwa sauti ya Mnyapara, anasema, "Huyo hatumjui." Ananiacha hapo nje mpaka nijibu kwa sauti yangu. Ndipo anafungua, ananipa kikombe cha maji, ananiambia, "Kunywa, uimeze hiyo takataka." Binti yetu, wakati huo hajaanza shule, anacheka hadi anakaa chini. Majirani walikuwa wanasikia kila jioni. Wengine walituona kama vichaa, lakini tulikuwa na raha yetu.

Kisha mke wangu akaugua. Sitawachosha na habari za hospitali. Siku nesi aliponishika bega akaniambia, nilihisi kitu kinapanda kifuani, kikubwa, nikaona kikitoka nitaanguka pale kwenye korido. Nikasimama wima, nikasema, "Imefika."

Nesi alinitazama. Hata mimi nilijishangaa. Lakini kile kifuani kikashuka, na nikajua nimepata dawa: sauti ile haina machozi.

Nikarudi nayo nyumbani. Watani wetu sisi Wanyamwezi, Wazaramo, wakaja kututania msibani kama ilivyo ada. Mmoja akakalia jembe la kuchimbia kaburi, akasema haondoki mpaka apewe chochote. Mwingine, mama mmoja muuza vitumbua wa mtaa wetu, akajifunga kanga ya marehemu, akashika kiuno, akaanza kumwigiza anavyonigombeza nikichelewa. Watu wakawa wanacheka huku wanafuta machozi. Mnajua wenyewe kicheko cha msibani kinavyosaidia. Mimi kile kitu kikapanda tena kifuani. Nikavuta pumzi, nikanguruma, "Waondoeni hawa mbele yangu!"

Ndugu zangu, hapo niliharibu. Mtani wa mtu anafukuzwa msibani? Hata kumkasirikia tu ni kosa la kutozwa faini. Yule mama akaivua kanga taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye mkeka, akatoka. Yule wa jembe akainuka. Mzee mmoja akasema, "Tumekuja kuzika mmoja, naona tumeondokewa na wawili."

Tulizika. Watu walikuja, wakala, wakaondoka, hakuna aliyethubutu kunitania wala kuniuliza nimelala vipi. Na nyumba isiyotaniwa wakati wa msiba, ndugu zangu, inakuwa kama chumba cha kuhifadhia maiti.

Aliyeumia ni binti yangu. Akilia, namwambia, "Simama wima!" Akimtaja mama yake, nanguruma. Sikumpiga, naapa, lakini kuna kumtisha mtoto kunakozidi kofi. Akaanza kukojoa kitandani. Akaacha kuongea nikiwepo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja kutoka Kaliua kututazama, akakaa siku kadhaa, kisha akaniita uani.

"Shemeji, huyu mtoto namchukua."

"Kwa nini?"

"Wenzake wamemuuliza baba yako yuko wapi. Kajibu amekufa na mama."

Nilitaka kulia. Nilitaka, wallahi. Nikafungua mdomo, ikatoka, "Mchukue." Ile ile ya tumboni. Mtoto alipanda treni bila kugeuka.

Hata kazi ikaniharibikia. Nilikaa mbele ya maiki, bibi harusi akifungua mdomo inatoka sauti ya Mnyapara, mtoto mchanga naye Mnyapara. Mwanzoni watu walidhani ni kichekesho. Baadaye wakawa wanainuka kwenye mabenchi mmoja mmoja. Mwenye banda akaniomba nipumzike. Basi nikakaa nyumbani, mlango nimeufunga, simjibu mtu. Nilikonda hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Wapo humu waliodhani nitakufa, na mimi nilikuwa upande wao.

Ikafika arobaini. Tukasoma kisomo asubuhi, watu wachache, pilau likaliwa harakaharaka. Nikawasindikiza masheikh hadi barabarani. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Nikashangaa, nikagonga.

"Nani?"

Jamani. Ilikuwa sauti ya mke wangu. Lile "nani" la kuburuza, la mtu anayejua kabisa ni nani.

"Fungua!" nikanguruma.

"Huyo hatumjui."

Nikakaa pale kizingitini. Nikajua ni nani aliyekuwa ndani. Yule mama wa vitumbua alipitia uani, akajifunga tena ile kanga niliyomfanya aivue, akaja kufanya kazi ambayo nilimzuia. Kisha akaongea kwa sauti yake mwenyewe, kwa ukali.

"We Mnyamwezi we! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, na kila kituo walikuwa wanatua, wanapumzika, wanakula. Wewe umejitwika mke wako siku zote hizi, kituo hukioni? Upagazi gani huo? Na huyo Mtemi wako si alishakimbia? Geti unamlindia nani?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kicheko kibaya kama kikohozi, na nyuma ya kicheko kikaja kile kitu cha kifuani, kikatoka chote. Nililia hadi majirani wakasimama kwenye milango yao. Yule mama hakufungua haraka. Kila nikinyamaza anauliza tena, "Nani?" Mpaka nikasema, kwa sauti nyembamba iliyopasuka, ambayo sikuwa nimeisikia tangu korido ile ya hospitali, "Ni mimi, mtani wangu. Nimefiwa."

Ndipo komeo likavutwa. Akatoka amemshika kuku wangu jike miguu, ananiambia ndiyo faini yake ya siku ya mazishi. Kuku mwenyewe alikuwa anataga.

Wapo wanaodhani hapo ndipo nilipopona. Bado. Siku mbili tatu nikawa najizoeza kuongea, kisha nikapanda treni ya Kaliua. Njia nzima nakariri, "Ni mimi, mwanangu, ni mimi." Nikafika kwa shemeji, mlango umerudishwa, yeye yuko shambani. Nikabisha.

"Nani?"

Alikuwa mtoto. Lakini lilikuwa "nani" la mama yake, limerithiwa lote.

Na mimi kwa hofu, ndugu zangu, ikatoka ya Mnyapara. "Ni mimi."

Nikasikia miguu midogo inarudi nyuma. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza. Sikugonga tena. Nikakaa chini, nikaegemeza kichwa kwenye ubao wa mlango, nikaongea kidogokidogo. Nikamwambia nimechoka. Nikamwambia namkumbuka mama yake, na kwamba siku ile alipopanda treni nilitaka kumzuia, mdomo ukanikatalia. Nikamwambia kama hataki kufungua asifungue, nitakaa hapa mpaka mama mdogo arudi, nisalimie, niondoke.

Sijui nilikaa muda gani. Mlango ukafunguka kidogo tu, upana wa kiganja. Mtoto mwenyewe simwoni. Ukatoka mkono, umeshika kikombe cha maji.

Nilikunywa yote.

Hakurudi nami siku ile. Alirudi shule zilipofunguliwa, na mpaka leo nikimwita ghafla ananitazama mdomo kwanza kabla ya kuitika. Naumia, siwafichi. Lakini anaitika.

Namshukuru shemeji aliyemwokoa mtoto kutoka kwa baba yake. Nawashukuru masheikh, na mwenye banda aliyenirudishia maiki, ingawa ile filamu ya angani siigusi tena. Nanyi wapya, ninachowaomba ni hiki: ukifiwa, mlango wako usiufunge, na mtani akija na kanga ya marehemu mpishe apite, hata kama moyo unakataa.

Na wewe mama, unayecheka pale nyuma, kuku wangu umemla na sitakudai. Ila siku yangu ikifika, njoo ukalie jembe, ujifunge koti langu, uniigize mbele za watu. Niigize kwa sauti hii hii ninayoongea nayo sasa. Ile nyingine usiitoe, binti yangu atakuwepo.