Mtu Niliyemgonga Aliniambia Nipande Baiskeli

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe hata na sisi tuliochelewa kumsifu. Naitwa Kazungu, baba Sidi wa Majengo.

Ndugu zangu, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilikuwa dereva wa lori la makontena kule Shimanzi. Asubuhi moja nilikata kona kwa pupa, sikutazama kushoto, nikamgonga mtu aliyekuwa juu ya baiskeli. Kosa lilikuwa langu. Mtu huyo ni Bwana Athumani, mshona kofia wa Mji wa Kale. Alikatwa mguu. Mimi nilifungwa miezi minane.

Nilitoka jela, lakini ni kama sikutoka. Nilishinda kitandani, dirisha nimelifunga nisisikie malori. Mke wangu ndiye aliyeuza mboga akatulisha. Mimi nilikula, nikalala, nikanenepa bila nguvu. Kutoka chumbani hadi bombani nilikuwa nahema. Kanisani niliacha kuja. Ndugu zangu, nilitamani kufa, nawaambia kweli!

Siku moja nikaanguka uani, ulimi mzito, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Hospitalini daktari alisema presha imepanda mno, na sukari nayo inaninyemelea. Akanipa dawa, lakini akasema dawa peke yake haitoshi, mwili sharti ufanye kazi. Magoti yangu hayakuweza mwendo mrefu.

"Mkono ukipata nguvu, tafuta baiskeli," akasema. "Itakubebea uzito, magoti yapumzike."

Baiskeli! Nililia mbele ya wauguzi.

Agizo hilo la baiskeli nililificha wiki nyingi. Mke wangu alipolisikia kwa muuguzi, hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Sidi, siwezi kukuzika huku nimenyamaza. Nenda kwa yule mtu uliyemgonga kwanza."

Nikaenda. Bwana Athumani alikuwa barazani kwake akishona, magongo yameegemea ukuta. Tangu mahakamani hatukuwa tumeonana.

"Wataka nini?" akaniuliza.

"Msamaha, Bwana Athumani."

Alivuta uzi. "Msamaha namwachia Mungu. Mguu wangu haurudi." Kisha akaniangalia. "Nawe mbona wapumua kama mtu aliyekimbizwa?"

Nikamweleza maneno ya daktari. Nikamwambia naogopa, tena naona haya.

"Basi panda," akasema. "Uione ile njia kutoka upande wangu."

Hakunikaribisha ndani, nami sikutarajia.

Shemeji yangu akaniazima baiskeli yake kuukuu. Nikaisukuma hadi Kizingo, kwenye zile barabara tulivu, nikapanda. Honi ya mbali tu ilinitetemesha. Nilianguka mara mbili. Nilimwita Yesu kwa sauti! Siku ile sikumaliza hata barabara moja. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa.

Ndugu zangu, pumzi ilirudi! Usingizi ulirudi! Baada ya miezi kadhaa presha ilishuka, daktari akapunguza dawa, ingawa bado nameza. Sasa nimepata kazi ya stoo Shimanzi, naenda kwa baiskeli kila siku, nimebana kando huku malori yakinipita. Naiona ile njia. Nafika nimelowa jasho, kichwa chepesi. Jumapili baada ya ibada mama Sidi hukaa kwenye keria, tukazunguka Kizingo kwa raha tu, hatuna tunachokifuata. Ameanza kucheka tena.

Sitawadanganya kwamba yote yamepona. Mkono huu bado mzito. Bwana Athumani nampitia kumjulia hali. Huitikia salamu, basi. Mkewe haitikii. Zamani nilimwomba Mungu aniondolee uchungu huo. Siku hizi namwomba anipe nguvu za kupita pale tena.

Lakini amenitoa kitandani! Namshukuru, na ninyi mlioniombea nawashukuru. Kama yupo hapa aliyejifungia, mwili umemshinda, daktari amemwambia ajisogeze naye anaogopa, na amtumaini Mungu kwa mwendo wa hapa hadi lile lango tu. Jumamosi asubuhi nitakuwa nje ya kanisa na baiskeli. Njoo, ndugu yangu. Njoo, mama. Nitakushikia kiti cha baiskeli, na sitakiachia mpaka wewe mwenyewe useme, "Niache."