Kilio cha Mazoezi Nyumbani kwa Bi Somoe

Tarehe 31 Desemba 1957 Bi Somoe binti Mwinshehe, mshonaji wa shule yetu ya ualimu hapa Bagamoyo, atafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho, akiwa ametimiza miaka ishirini na minane ya kazi. Katika muda huo walimu wakuu watano wamekuja wakaenda, na hakuna hata mmoja ambaye suruali yake haikupita mikononi mwa Bi Somoe, ama kupunguzwa kiuno ama kuongezwa, kadiri wali wa nazi ulivyomkubali.

Aliajiriwa mwaka 1929, mjane kijana aliyemshika mkono mtoto mmoja wa kiume, ili ashone kaptula na mashati ya wanafunzi. Kuuguza wagonjwa hakukuwa kazi yake. Lakini homa ilipoingia bwenini yeye ndiye aliyeonekana na kata ya uji na kitambaa cha maji, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, kazi hiyo nayo ikawa yake bila nyongeza wala shukrani.

Mkali alikuwa mkali. Mwanafunzi aliyechana kaptula kwa kupanda minazi ya watu alitiwa kiraka cha rangi nyingine, ili mji mzima umjue mwizi wa madafu. Mkaguzi mmoja wa shule, ambaye simtaji kwa sababu atakuwa mgeni wetu katika karamu ya kumuaga Bi Somoe, alipokuwa mwanafunzi hapa alivaa kiraka chekundu muhula mzima. Nimeambiwa mpaka leo hanywi dafu.

Ningeweza kuendelea hivi na viraka na vifungo, tukacheka, tukala pilau, tukaagana. Nimejaribu kuandika hivyo mara mbili na karatasi nimezichana. Wasifu wa Bi Somoe usioitaja ile senema ni wasifu wa mtu mwingine, na yeye mwenyewe ameniruhusu niieleze.

Mtoto yule aliyeshikwa mkono aliitwa Ramadhan. Alikua hapa hapa shuleni, akaoa binti wa Mlingotini aitwaye Tatu, na mwaka uliofuata, 1943, akachukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda vitani Burma. Haukupita muda mrefu Boma ikamwita mama yake. Aliambiwa kwamba mwanawe amepotea. Hakuna aliyemwona akifa, wala hakuna aliyemwona tena. Alipotoka huko alirudi moja kwa moja kwenye cherehani. Tulipokwenda kumpa pole alituzuia mlangoni.

"Aliyepotea hutafutwa," alisema. "Hazikwi."

Basi hakuweka matanga na hakusomesha hitima. Tatu akabaki katika nyumba ile pamoja na mkwewe, si mjane si mke. Wenzake walizaa, wakanyonyesha, wakazaa tena. Mohamedi, fundi uashi wa Saadani aliyekuja kutujengea jiko la shule, alimpenda akaleta posa kwa adabu zote, kwa kupitia wazee. Bi Somoe aliwapa wazee kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwamba mke wa mtu haposwi. Kadhi alikuwa tayari siku yoyote kutoa hukumu kwamba mume amekufa. Aliyekataa kwenda kwa kadhi ni Tatu mwenyewe. "Siwezi kumzika mume ambaye mama yake hajamzika," alimwambia mke wangu. Mohamedi akarudi Saadani akasema atangoja. Sote tuliuona ujana wa binti yule ukiliwa bure, tukauonea uchungu, na hakuna aliyethubutu kufumbua kinywa.

Mwaka 1953 wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho walipata idhini ya kutengeneza senema fupi kuhusu chanjo ya ndui. Gari lenye kamera lingetoka Dar es Salaam likae siku moja tu, na filamu ilikuwa ya dakika chache, ukikosea, umekosea. Kwa hiyo Mwalimu Mwinyijuma, aliyekuwa msimamizi, aliamua kwamba kila kitu kifanyiwe mazoezi mpaka watu wakichukie. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: baba anakataa chanjo, mtoto anakufa, watu wanakaa matanga, baba anajuta na kuwapeleka wanawe waliobaki. Kila picha ilichorwa kwanza ubaoni kwa chaki. Ndani ya nyumba zetu kamera isingeona kitu kwa giza, hivyo wakachagua uani kwa Bi Somoe, penye jua na karibu na shule, wakapima kwa kamba mahali pa kusimamisha kamera. Mimi nilikabidhiwa bati jipya lililosuguliwa kwa mchanga, nilielekeze ili limulike nyuso za wachezaji. Hicho ndicho kipaji changu chote cha sanaa.

Bi Somoe aliwashonea mavazi yote isipokuwa sanda. Alisema sanda haikatwi na maiti hayupo, na hapo hakushawishika. Tukafunga mto ndani ya shuka kuukuu, tukaulaza juu ya mkeka.

Kilichotushinda ni kilio. Mama wa marehemu alikuwa Kombo, mwanafunzi mrefu wa futi sita, amenyoa ndevu asubuhi na kujitanda kanga. Alipoanza kulia alitoa sauti ya mbuzi aliyesahauliwa juani. Wanawake wa mtaani waliokuja kuwa waombolezaji walicheka mpaka wakashikana. Mwalimu Mwinyijuma akawatuliza kwa kusema kwamba senema hii haitoi sauti. Kombo apanue mdomo tu, inatosha.

Bi Somoe alikuwa pembeni akikunja pindo. Akaiweka sindano chini.

"Kilio hakina bubu, mwalimu," alisema. "Na aliyefiwa hachekwi."

Akaja katikati ya ua, akajifunga kanga kiunoni, akamwambia Kombo atazame. Akaweka mikono kichwani. Mwanzo alikuwa akifundisha kweli, hata alisita kidogo ili Kombo aone jinsi mabega yanavyoinama. Aliita mwanangu, mwanangu. Mara ya tatu jina lililomtoka halikuwa la mtoto wa kwenye senema. Aliita Ramadhan. Alimwuliza amemwachia nani nyumba ile, na kwa nini hakutuma hata salamu, na sauti ikapanda ikatoka nje ya ua. Nililishusha bati. Tatu alitokea mlangoni pa jiko na unga mikononi.

Wasomaji wa pwani wanajua kilichofuata. Kilio kikisikika hapa kwetu hakuna anayengoja mwaliko. Wa kwanza kufika alikuwa jirani, Bi Mwanvita, kanga moja juu na nyingine inaburuta. Nyuma yake wakaja wanawake wa mtaa wa pili, kisha wanaume kutoka dukani na msikitini, na wawili walikuwa na majembe mabegani, wakiuliza kaburi lichimbwe upande gani. Mwalimu Mwinyijuma alisimama mlangoni akawaambia jamani ni mchezo, ni mazoezi ya senema. Walimpita kama walivyoupita mlango.

Bi Mwanvita alipiga magoti mbele ya mwenzake, akamshika mikono.

"Makiwa, Somoe."

Neno hilo lina jibu lake, na anayelijibu amekiri kwamba amefiwa. Kwa miaka yote ile kila aliyejaribu kumpa makiwa alifungiwa mlango.  Sasa pia Bi Somoe angeweza kusema, kwa ukweli kabisa, kwamba hakuna msiba, ni watoto wa shule na mambo yao. Watu wangecheka wakarudi makwao. Aliutazama ule mto ndani ya shuka. Kisha akamtazama Tatu, akamtazama kwa muda mrefu, kana kwamba hajamwona tangu alipoletwa bibi harusi.

"Tunayo," alijibu.

"Ni nani, ndugu yangu?"

"Ramadhan."

Tatu aliketi chini pale pale mlangoni, na unga wake mikononi, akalia kilio alichokuwa amenyimwa kwa miaka tisa. Sijapata kusikia kitu kama kile na siombi kusikia tena.

Majembe yalirudishwa nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kuzika. Baada ya alasiri Ramadhan aliswaliwa sala ya ghaibu. Wanafunzi walichota maji na kupasua kuni, na mchele uliokuwa umewekwa kwa ajili ya siku ya kupiga senema ulipikwa hitima. Kombo aliosha masufuria usiku na mchana bila kuambiwa na mtu.

Siku ya tatu ya matanga gari likafika kutoka Dar es Salaam. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye haraka zake. Aliona ua umejaa waombolezaji, ubani unafuka, wanaume wameinama barazani, akatusifu kwa maandalizi mazuri na kuanza kufungua miguu ya kamera. Nisiwafiche: ile ndiyo picha tuliyokuwa tumeichora ubaoni, tena kuliko tulivyoichora, na hakuna mwanafunzi mmoja ambaye hakuliona hilo. Mwalimu Mwinyijuma alikwenda akasimama mbele ya lenzi.

"Funga vyombo vyako, bwana," alimwambia. "Hapa pamefiwa."

Alisimama pale mpaka miguu ya kamera ikakunjwa. Gari likaondoka na filamu yake haijaguswa. Shule ilikaripiwa na wakubwa kwa kupoteza safari ya gari, Mwinyijuma akakaripiwa peke yake kwa barua, na kamera hatukupewa tena. Kazi ya miezi miwili iliishia ubaoni, ikafutwa na mwalimu wa hesabu. Namheshimu Mwinyijuma kwa siku ile kuliko kwa vyeti vyake vyote.

Tatu alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, Bi Somoe mwenyewe alituma mtu Saadani kwenda kumwambia Mohamedi kwamba mlango u wazi. Nguo za harusi alizishona kwa cherehani ya shule baada ya saa za kazi, na Mwalimu Mkuu akajifanya haoni. Asubuhi ya kumtoa bibi harusi, wanawake walimsikia akimwambia Tatu: "Kama yu hai, atanisamehe kwa kumzika. Kama amekufa, atanisamehe kwa kumchelewesha." Kisha akarudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ameifanya kazi miaka minne tangu hapo. Viraka vyekundu vilikoma. Wanafunzi wapya husema ni bibi mpole. Mimi niliyemjua tangu zamani naona ni uchovu. Aliugua mara mbili, na mara zote mbili Tatu alikuja kumuuguza, akiwa na mtoto mgongoni. Sasa Tatu na mumewe wamemwomba akaishi nao Saadani. Alikataa, akisema mama wa mume wa kwanza hana mahali katika nyumba ya mume wa pili. Mohamedi akaja mwenyewe kumwambia kwamba chumba amekwisha kukijenga na hakibomoi.

Bi Somoe, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na kila mwanafunzi uliyemvisha na kumnywesha uji, tunakushukuru. Tulikuazima kwa miaka ishirini na minane, tunakurudisha umechoka, tuwie radhi.

Juzi, alipokuwa akinikabidhi funguo za chumba cha nguo, aliniomba jambo moja, nami naliandika hapa ili kila atakayefanya kazi katika shule hii alisome. Akitokea mtu getini, mwanamume ambaye sasa atakuwa wa makamo, akaulizia nyumba ya Somoe binti Mwinshehe, asiambiwe tu kwamba amehama. Aelekezwe Saadani, kwa Mohamedi fundi uashi. Lakini kwanza akaribishwe, aketi, apewe maji, na habari ya Tatu aambiwe pole pole, kabla hajaondoka.

Bawabu amekwisha kuambiwa, Bi Somoe. Nenda salama, ukale usishone, Mungu akujaalie afya na usingizi. Akija, tutamwelekeza.

Kibwana Ausi
Mtunza stoo